Jisu la Bowie la kutengenezwa kwa mkono: Randall, Ruana, mhunzi wa ABS au stenlesi?

Kwenye picha, majisu ya Bowie yote yanapendeza. Bapa refu, ncha iliyopandishwa, kinga ya shaba ya manjano kati ya bapa na mpini, mpini wa pembe au wa mpingo, ala ya ngozi pembeni. Ila kisu cha mkono kinanunuliwa kwa fedha nyingi, mara nyingine kwa kusubiri miaka, na ukishakishika ndipo unapojua kama umepata cha kutumia porini, cha kuweka kabatini, au vyote kwa pamoja. Nawaandikia wapenzi wa visu wanaosoma Kiswahili: walioko Marekani, ambako majisu haya ndiko kwao, na walioko nyumbani wanaofikiria kuagiza.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kisu chako cha kwanza cha aina hii kiwe cha chuma cha kaboni cha kawaida, bila marembo, kilichofuliwa na mhunzi mmoja ambaye kazi yake imeshapita mtihani. Nitakilinganisha na vya karakana mbili za Marekani, Randall na Ruana, na cha stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) kilichochongwa bila kufuliwa. Hivyo vingine vitatu vina watu wake, na kuna hali ambazo ningekiacha hicho ninachokisifia nikachukua kimojawapo.

Usilipie neno "halisi"

Muuzaji akikuambia kisu chake ni nakala kamili ya kile cha Jim Bowie, Mmarekani aliyeyapa majisu haya jina, usimwongezee hata senti. Tunachojua ni kwamba tarehe 19 Septemba 1827, kwenye fungu la mchanga la Mto Mississippi karibu na Natchez, watu walikutana kushuhudia pambano la bastola, na pambano likageuka vurugu ya wote. Bowie alipigwa risasi na kuchomwa, na bado akamuua Norris Wright kwa kisu kikubwa. Magazeti yakaibeba habari hiyo, na kila mwanamume wa mipakani akataka kisu kama kile.

Kilikuwaje? Ndugu yake, Rezin Bowie, aliandika mwaka 1838 kwamba yeye ndiye aliyekitengenezesha, na kwamba bapa lake lilikuwa na urefu wa inchi tisa na robo, upana wa inchi moja na nusu, makali upande mmoja, na halikupinda. Ukiyafuata maelezo hayo unapata kisu kinachofanana zaidi na cha buchani kuliko majisu yenye kinga kubwa tunayoyaona leo. Kisu kilichotengenezwa na Daniel Searles wa Baton Rouge kwa ajili ya Rezin, ambacho huoneshwa kule Alamo, ngome ya kihistoria ya Texas, kina mgongo ulionyooka, hakina ule mkato wa mgongoni unaoipa ncha umbo lake. Jim Bowie mwenyewe alifia Alamo tarehe 6 Machi 1836, na kisu alichokuwa nacho hakijulikani kilikokwenda.

Umbo tunalolipenda lilikua baadaye. James Black, mhunzi wa mji wa Washington huko Arkansas, anatajwa sana katika habari zake. Philadelphia kulikuwa na Henry Schively. Kisha viwanda vya Sheffield, Uingereza, vikaona soko: kina Joseph Rodgers na George Wostenholm wakasafirisha visu vya Bowie kwa wingi kwenda Marekani, vingine vikiwa vimechorwa maneno ya kumsifu mnunuzi wa huko. San Francisco, baada ya watu kukimbilia dhahabu, Michael Price alitengeneza visu vya kifahari ambavyo leo wakusanyaji wanavigombania. Hivyo ukichagua umbo, chagua unalolipenda na linalokaa vizuri mkononi. Historia ina nafasi ya kutosha kwa yote.

Wanne wenyewe

Randall ni karakana ya Orlando, Florida. Bo Randall alianza mwishoni mwa miaka ya 1930 baada ya kumwona mtu akikwangua rangi kwenye mashua kwa kisu cha fundi William Scagel, na kisu kikabaki hakina jeraha. Alikinunua, kisha akataka kujua kinatengenezwaje. Vita Kuu ya Pili ikalipeleka jina lake kila mahali, na alipofariki mwaka 1989 familia ikaendelea. Majisu yao ya Bowie ni ya Modeli 12, na mojawapo linaitwa Smithsonian Bowie: bapa la inchi 11, upana wa inchi mbili na robo, unene wa robo tatu ya nusu inchi, yaani karibu milimita tisa na nusu.

Ruana wako Bonner, Montana. Rudy Ruana alianza biashara mwaka 1938, na alama ya kazi yake ni mpini wa alumini iliyomiminwa moja kwa moja juu ya mkia wa bapa, kisha vipande vya pembe ya elki, kulungu mkubwa wa Marekani, vikafungwa pande mbili. Ukikiona mara moja hutakisahau.

Wa tatu si jina moja, ni kundi: wahunzi wa American Bladesmith Society, ABS, chama kilichoanzishwa mwaka 1976 na Bill Moran wa Maryland pamoja na wenzake watatu, Bill Bagwell, Don Hastings na B. R. Hughes. Humo utakuta mabingwa kama Jerry Fisk wa Arkansas, na pia vijana ambao majina yao hayajafika mbali lakini kazi yao ni safi.

Wa nne ni wachongaji. Hawa hawafui. Wananunua bamba la chuma, wanalikata, wanalisugua kwa mkanda wa msasa mpaka kisu kinatoka ndani yake. Mkubwa wa njia hii ni Bob Loveless wa Riverside, California, aliyefariki mwaka 2010. Mwaka 1953 alitaka kununua Randall dukani New York, akaambiwa asubiri miezi tisa, akaamua kujitengenezea chake kwa springi ya gari la Packard. Baadaye ndiye aliyewafanya watengenezaji wa Marekani waichukulie stenlesi kwa uzito.

Kishike kwanza: uzito na mizani

Hapa ndipo Randall Smithsonian na kisu cha mhunzi wa ABS vinapoachana waziwazi.

Smithsonian ni jisu zito. Unene ule wa milimita tisa na nusu unaujua mara tu unapolitoa kwenye ala, mkono unashuka mbele. Kwa kutema miti mikavu, uzito huo unakufanyia kazi. Kwa kazi nyingine yoyote, kuanzia kuchuna mnyama hadi kukata kamba, utachoka, na bapa nene hivyo linasukuma kitu badala ya kukipasua. Napenda kulitazama na ninaelewa kwa nini mtu analitamani, lakini nikiulizwa ni Randall ipi ya Bowie ya kubeba, nasema ile ya inchi tisa ya modeli hiyohiyo. Inabaki na sura ya Bowie na haikuchoshi.

Kisu kilichofuliwa vizuri kina siri yake mgongoni. Kiinue usawa wa jicho, mgongo ukikutazama, ncha iwe mbali. Utauona mgongo ukianza na milimita sita hivi karibu na kinga, kisha ukipungua polepole bila kukatika hadi milimita mbili au tatu karibu na ncha. Mhunzi ameuvuta hivyo kwa nyundo juu ya fuawe, na kwa sababu hiyo bapa la inchi kumi linaweza kuwa na karibu nusu kilo tu likawa hai mkononi. Weka kidole chini ya bapa mbele kidogo ya kinga: kisu kikitulia hapo, kimetengenezwa na mtu aliyekifikiria. Kikianguka mbele sana ni panga lenye sura ya Bowie. Kikianguka nyuma, mpini umejazwa shaba kupita kiasi.

Mchongaji naye anaweza kupunguza unene kuelekea ncha, na walio bora wanafanya hivyo. Wengi hawafanyi, maana wanaanza na bamba lenye unene mmoja na kila milimita wanayoiondoa ni mkanda wa msasa na saa za kazi. Muulize kabla ya kulipa. Ruana hukaa katikati: si nzito kama Smithsonian, na alumini ya mpini ni nyepesi, kwa hiyo uzito unabaki mbele kwenye bapa. Kwa kutema kuni kambini inafaa sana.

Chuma, na moto uliokipitia

Watu hubishana sana kuhusu jina la chuma na kusahau moto. Chuma kizuri kilichopashwa vibaya ni kisu kibaya. Na kwa macho huwezi kuliona hilo, ndiyo maana nauthamini mtihani wa ABS kuliko tangazo lolote.

Anayetaka daraja la kwanza, Journeyman Smith, analeta kisu alichokifua mwenyewe, bapa lisizidi inchi 10, na asitumie Damascus, yaani chuma cha tabaka nyingi zilizofuliwa pamoja. Mbele ya bingwa, yaani mwenye daraja la juu la Master Smith, anakata kwa pigo moja kamba nene ya inchi moja inayoning'inia bila kushikwa chini. Kisha anatema ubao wa inchi mbili kwa nne mpaka ukatike, halafu anautema tena mara ya pili. Baada ya kazi yote hiyo, makali yaleyale lazima yanyoe nywele za mkono. Mwisho kisu kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa hadi nyuzi 90, na hakitakiwi kuvunjika. Kisu hicho kimeshakufa, hakiuzwi. Ndipo anapokwenda Atlanta kwenye maonyesho ya visu ya kila Juni, Blade Show, na visu vitano vingine, jopo likague umaliziaji wake: mistari ya kusugua imelingana pande zote mbili? Kuna mwanya kati ya kinga na bapa?

Fikiria kinachotakiwa ili kisu kimoja kifanye yote hayo. Makali lazima yawe magumu ndiyo yanyoe baada ya kutema mbao. Mgongo lazima uwe laini ndiyo upinde bila kuvunjika. Mhunzi anapata hayo kwa kukipasha chuma, kukichovya kwenye mafuta, kukipasha tena kwa joto la chini la kama nyuzi 200 za Selsiasi, mara mbili au tatu, na mara nyingi kuulainisha mgongo peke yake kwa moto mdogo. Aliyewahi kufaulu hilo anajua chuma chake. Aliyefaulu hatua zote mbili anaruhusiwa kuweka JS kwenye bapa karibu na jina lake, na bingwa anaweka MS. Tafuta herufi hizo.

Chuma wanachokipenda wengi kwa mtihani huu ni 5160, na hiki hakihitaji kuelezwa sana kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Ni chuma cha springi za magari, chenye kaboni asilimia 0.6 hivi na kromiamu kidogo. Ni familia ileile ambayo mafundi wetu wa jua kali hupitia kwa nyundo wanapotengeneza mapanga na visu kwa springi chakavu za malori. Tofauti ni kwamba springi chakavu inaweza kuwa na nyufa usizoziona, na mhunzi wa oda hununua 5160 mpya. Kwa Bowie ya kutumia, 5160 ni chaguo langu namba moja. 52100, chuma cha beringi, hushika makali kwa muda mrefu zaidi lakini humtaka mhunzi makini sana na moto. 1084 ni rahisi kupasha na huaminika. W2 huleta ule mstari wa mawingu kati ya makali na mgongo ambao wakusanyaji huupenda, na ukiwa wa kweli, unatokana na kuchovya, hauchorwi kwa asidi tu.

Randall hufua chuma cha O1, cha vifaa vya karakana. Hushika makali vizuri na hunoleka bila taabu hata kwa jiwe la kawaida. Silalamikii chuma chao hata kidogo. Ninachosema ni kwamba kwao unanunua uzoefu wa karakana nzima ya mafundi, na kwa mhunzi wa ABS unanunua mkono wa mtu mmoja ambaye unaweza kumpigia simu.

Damascus: kisu cha pili, si cha kwanza

Mwaka 1973 Bill Moran alionesha visu vya Damascus kwenye maonyesho ya watengenezaji huko Kansas City, na tangu siku hizo kila mtu anavitaka. Leo wengi huunganisha 1084 na 15N20 yenye nikeli, wanavikunja na kuvifua, kisha wanachovya bapa kwenye asidi: 1084 inakuwa nyeusi, nikeli inabaki inang'aa. Kwenye mtihani wa ubingwa wa ABS kisu cha kukatia na kupindwa lazima kiwe cha Damascus yenye tabaka zisizopungua 300, kwa hiyo tunajua Damascus nzuri inafanya kazi.

Lakini haikati kuliko 5160 nzuri. Unalipia uzuri na saa za kazi, na ni haki ulipie, mradi ujue ndicho unachokilipia. Bowie ya bingwa ya Damascus hufika maelfu ya dola, na ukiinunua kama kisu cha kwanza utaogopa kuikwaruza, utaiweka kabatini, na hutajifunza chochote kuhusu majisu haya.

Kuna na nyingine, zile za dola hamsini mpaka mia zinazojaa mtandaoni, "Damascus Bowie ya mkono". Nyingi zinatoka Wazirabad, Pakistan, mji wenye mafundi wa visu tangu zamani na wenye uwezo wa kutengeneza kitu kizuri ukilipia muda wao. Kwa bei hiyo hakuna anayelipia muda. Aina ya chuma haitajwi, upashaji unaharakishwa, kinga inacheza, na mpini unajazwa gundi kuziba mianya. Angalia mahali kinga inapokutana na bapa: ukiona mstari mweusi wa gundi au mwanga unapenya, acha. Angalia pia kama michoro ya Damascus inaendelea kupitia mgongoni. Michoro ikiishia ubavuni na mgongo ukawa mtupu, umechorwa juu tu.

Kama bajeti yako ni ya dola mia, nakushauri kwa moyo wote usinunue Bowie sasa. Subiri, weka akiba. Kisu cha chuma cha kaboni cha mhunzi mwenye JS mara nyingi huanzia mamia kadhaa ya dola, na utakaa nacho maisha.

Stenlesi na hewa ya pwani

Hii ndiyo hali ya kwanza ambayo ningeacha chaguo langu. Ukiishi Mombasa, Dar es Salaam, Unguja, Muscat, au Houston na Miami, chuma cha kaboni ni kazi ya kila wiki. Alama ya kidole chenye jasho ikilala usiku mmoja juu ya 5160 inaweza kuamka na kutu. 5160 ina kromiamu chini ya asilimia moja, na stenlesi inahitaji kama asilimia 12 kwenda juu.

Mchongaji mzuri atakutengenezea Bowie ya CPM-154 au AEB-L iliyopashwa kwenye tanuri la umeme, ikabanwa kwenye mabamba ya alumini ili ipoe haraka bila kupinda, kisha ikatumbukizwa kwenye naitrojeni ya maji. Matokeo yanajirudia kisu baada ya kisu, na makali hudumu. Inachokosa ni ule uwezo wa kupinda na kurudi wa 5160. Kwa hiyo bapa refu la stenlesi si la kutemea mifupa wala kubangulia. Kwa mtu wa pwani anayetaka kisu kizuri cha kukata, kuonesha na kurithisha bila kukifuta mafuta kila mara, stenlesi inashinda bila ubishi.

Ukishika kaboni hata hivyo, usikihifadhi ndani ya ala. Ngozi hufyonza unyevu, na dawa za kuitengenezea zina asidi. Kipake mafuta mepesi, kifunge kwa kitambaa kikavu, ala ikae kando yake.

Mpini, na mti wetu

Sura ya mpini ni muhimu kuliko kilichoutengeneza. Uwe bapa kidogo kama yai, usiwe duara, ili hata gizani mkono ujue makali yako upande gani. Ule mpini wa umbo la jeneza unaopendwa kwenye nakala za karne ya 19 ni mzuri kwa macho, lakini pembe zake huuma kiganja ukitema kwa dakika kumi. Kama unautaka, mwombe mhunzi azilainishe pembe hizo. Wengi wanajua na hufanya bila kuambiwa.

Ruana kwenye jambo hili ana ubishi wake. Alumini na pembe ya elki ni imara ajabu, maji hayaingii, hakuna cha kulegea. Lakini asubuhi ya baridi ya Montana alumini huvuta joto lote la mkono, na mwenye kiganja kikubwa huuona mwembamba. Mimi naupenda kwa sababu hakuna mwingine anayetengeneza hivyo kwa muda mrefu kama wao, na kisu cha Ruana kina mahali pake: ni kisu cha wawindaji wa milima ile, na kinaonekana hivyo.

Kwa mhunzi wa ABS na mchongaji una uhuru wa kuchagua. Pembe ya sambari kutoka India ilikuwa kawaida hadi India ilipozuia kuisafirisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na sasa kipande kizuri ni ghali. Mbao ngumu ya jangwa la Sonora inapendeza. Na kuna mpingo.

Mpingo ni chaguo langu kwa Bowie, na nasema hivyo si kwa ajili ya uzalendo peke yake. Mbao hiyo inayotoka misitu ya Kilwa, Lindi na Msumbiji, ambayo Wamakonde huchonga na viwanda vya Ulaya hutengenezea klarineti, ni nzito kiasi cha kuzama majini. Inapigwa msasa ikang'aa bila vanishi, haivimbi kirahisi, na uzito wake nyuma ya kinga husaidia mizani ya bapa refu. Ina mafuta yake yenyewe, na hapo ndipo panapohitaji fundi: gundi ya epoksi haiushiki vizuri mpingo wenye mafuta, kwa hiyo lazima asafishe sehemu ya kugundisha kwa asetoni na aongeze ribiti. Muulize pia kipande kimekaushwa muda gani. Mpingo uliokauka nusunusu, ukifika nyumba yenye joto la mashine huko Minnesota, hupasuka kandokando ya ribiti, na ufa wa mpingo hauzibiki ukapotea.

Mti huu, pamoja na jamii yote ya Dalbergia, uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017. Biashara ya magogo na mbao zake inahitaji vibali. Mpini mmoja kwenye kisu kilichokamilika hausumbui, kwa kuwa bidhaa kamili zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo zimeondolewa kwenye sharti hilo. Mhunzi anayejiheshimu atakuambia mpingo wake umetoka wapi.

Pembe ya ndovu naikataa kabisa, hata kama muuzaji ana karatasi na hata kama kisu ni cha mwaka 1850. Marekani ilibana biashara yake karibu yote mwaka 2016, mwaka uleule Kenya ilipochoma tani 105 za pembe mjini Nairobi. Kisu kizuri hakihitaji mnyama yule afe.

Ala na sheria, kwa ufupi

Ala ya Randall ya ngozi ni nzuri na nene. Za wahunzi hutofautiana mno. Wengine hushona wenyewe, wengine huagiza. Igeuze ala juu chini, kisu kikiwa ndani na kamba imefunguliwa: kisidondoke.

Texas, nchi aliyofia Bowie, ilikataza kwa jina kubeba kisu cha Bowie mpaka tarehe 1 Septemba 2017. Sasa unaweza kukibeba, lakini bapa linalozidi inchi tano na nusu haliruhusiwi shuleni, mahakamani, kwenye baa na mahali pengine kadhaa, na walio chini ya miaka 18 wana masharti yao. Kila jimbo lina yake. Kwa ndege, kisu kiende kwenye begi la mizigo, kimefungwa makali. Ukiagiza kuja nyumbani, zungumza na forodha na polisi kabla ya kulipa, upate jibu kwa maandishi.

Nani achukue kipi

Anayetaka kisu kimoja cha kutumia na kujifunzia, akae Marekani au bara kwenye hewa kavu: 5160 ya mhunzi mwenye JS, bapa la inchi tisa au kumi, mpini wa mpingo au mikata (kitambaa kilichogandishwa kwa gundi ngumu), kinga ya chuma. Huyu ndiye ninayemwandikia zaidi.

Wa pwani: stenlesi ya mchongaji, kwa sababu nilizozieleza.

Anayependa historia ya karne ya 20, mwenye baba au babu aliyekuwa jeshini Marekani, au anayetaka kitu kitakachouzika tena kwa urahisi: Randall. Jina lake linajulikana kila mahali, na hii ndiyo hali ya pili ambayo ningeacha kisu cha mhunzi. Ukiagiza karakanani utasubiri miaka kadhaa. Wauzaji wa rejareja wanavyo mkononi kwa bei ya juu zaidi. Kama hujawahi kushika Smithsonian, usiagize Smithsonian.

Mwindaji na mpiga kambi wa nchi za baridi anayetaka kisu kisichofanana na cha mwenzake na asitumie fedha za bingwa: Ruana. Vya zamani hutambulika kwa mihuri iliyo kwenye bapa, na wakusanyaji hukadiria umri kwa mihuri hiyo, hivyo kabla ya kununua kilichotumika omba picha ya karibu ya muhuri.

Aliyekwisha kuwa na kisu cha kutumia na anataka kazi ya sanaa: Damascus ya bingwa. Nenda Atlanta Juni kama unaweza, vishike vyote mezani, ongea na waliovitengeneza.

Ukimwandikia mhunzi oda yako, mtajie aina ya chuma, urefu wa bapa, upana wa kiganja chako kwa sentimita, mkono unaotumia, kama mkato wa mgongoni unolewe au uachwe butu, na kazi unayokusudia. Mwache yeye aamue unene na mviringo, hapo anajua kuliko wewe. Wahunzi wengi wazuri hawachukui amana kabisa, au huchukua kidogo. Anayedai fedha yote kabla ya kuwasha tanuri, mwache, nenda kwa mwingine aliye kwenye orodha ya ABS.